Kamusumari ka Mashine ya Siagi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi, mwenye vinu vitatu bila masomo. Lakini leo mufanyakazi wangu alipaka kinu siagi badala ya grisi, na harufu ile ikanirudisha kwa mashine ya Papa.

Nilikuwa mutoto. Kwenye mashine yetu ya kutenga siagi, gurudumu la meno lilizunguka juu ya chuma kisichozunguka, likizuiwa lisichomoke na kamusumari tu. Nilikachomoa nifunge kengele ya ndama wangu, nikaweka kijiti cha mwanzi mahali pake, kama tunavyofunga zizi. Papa akaanza kuzungusha. Nikaona gurudumu likitambaa kuelekea mukono wake.

“Papa, acha kwanza.”

“Unaogopa nini? Maziwa iko inachacha.”

Akaendelea kuzungusha. Kijiti kikakatika, gurudumu likachomoka.

Papa alibaki na vidole tisa. Kamusumari kapya nilikanunua mwenyewe, kwa pesa yangu ya mayai: santimu makumi tano.