Kumpa Mwalimu Mgongo, Madale

Saa kumi na moja na robo alfajiri programu ilimaliza kazi, nami nikajua lazima nitoke Mbagala niende Madale siku hiyohiyo. Programu hiyo niliiandika mwenyewe ili ilinganishe mazoea ya watunzi katika kutumia maneno kwenye mashairi ya kale ya Kichina. Jibu lake: katika shairi ninalolipenda kuliko yote, mistari miwili ya mwisho si ya mtunzi, mtu aliibandika baadaye. Niliyemjua wa kulipima jibu hilo kwa sikio alikuwa mmoja tu, naye alikuwa taabani.

Tegeta nilifika jua limeshakolea, nikachukua bodaboda kupanda vilima. Njiani nilirudia shairi kimoyomoyo, bila ile mistari miwili. Mwalimu Chen, Mchina fundi mitambo mstaafu anayenifundisha mashairi hayo, hapokei swali kuhusu shairi ambalo hujalihifadhi. Mwanafunzi humpa mgongo, asichungulie kitabu kilicho mbele ya Mwalimu, akaghani. Akikosea, Mwalimu hugonga meza kwa kidole.

Huko Madale mkewe, Mama Esta, alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa anataka uji, wewe umemletea kompyuta?"

"Nimemletea swali."

"Ulimi umegoma tangu Jumapili. Atakujibu na nini?"

"Kidole kinatosha."

"Haya, pita. Ila usimchoshe na hao marehemu wenu."

Chumbani nilimwamkia Mwalimu, nikampa mgongo, nikaghani. Nikaishia pale programu ilipotaka niishie. Kimya. Kwa muda mfupi nilifurahi: sikio na hesabu vimekubaliana.

Ndipo nikageuka. Meza haikuwapo, ilitolewa ili kumpisha muuguzi. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kikigonga blanketi, na sikuweza kujua kilianzia mstari gani.

Nikampa mgongo tena, nikamalizia ile mistari miwili. Nilipogeuka, kidole kimetulia na amefumba macho.

"Ameridhika?" nikamuuliza mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Amelala," alisema Mama Esta.

Wakati wa kuondoka alinirudishia bahasha ya ada ya somo niliyompa nilipofika. "Chukua, baba. Leo hajafundisha."

Mbagala niliingia giza likitanda. Ile mistari nimeirudisha kwenye shairi, na pembeni nimeweka alama ya kuuliza ambayo sidhani kama nitakuja kuifuta. Nilichojifunza ni kwamba mwalimu asiyesikika hutazamwa usoni, hata desturi ikikataza. Bahasha bado sijaifungua. Nimeokoa shilingi elfu ishirini.