Mshtarii Kwenye Dishi la Jirani

Jioni ile darubini yangu ilishikilia kwamba sayari ya Mshtarii iko juu ya paa la jirani, ndani ya dishi la televisheni, na paka amelala pembeni yake.

Na posa yangu ilikuwa inaning'inia papo hapo, kwenye dishi.

Naitwa Addi. Natengeneza pampu za maji za sola pale Zagora, kusini mwa Morocco. Mambo ya nyota nilijifundisha mwenyewe, polepole, kama mtu anayejifunza kupika kwa kuunguza.

Darubini niliinunua kwa mtalii aliyechoka kuibeba. Kuukuu kidogo, lakini ina kompyuta.

Unaiweka sawa, unaielekeza kaskazini. Unaiambia uko wapi, tarehe gani, saa ngapi. Kisha unachagua unachotaka kuona. Inanguruma kidogo, inageuka yenyewe, inasimama. Unachungulia. Kitu kipo.

Jioni nyingine huwa naipeleka kwenye kambi za jangwani, wageni wanachungulia, wananipa chochote.

Hilo ndilo Haji Bassou hakulipenda.

Haji Bassou ni baba yake Tuda, binti niliyetaka kumwoa. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa kituo cha mabasi. Mpaka leo watu wanasimulia kwamba basi lake halikumngoja mtu, hata bibi harusi aliyekuwa anakimbia na viatu mkononi.

Nilipopeleka neno mara ya kwanza, alijibu kwa upole kwamba hawezi kumwoza binti yake mtu anayewauzia wageni nyota alizozitundika Mungu bure.

Tuda akamwomba baba yake aone kwanza, ndipo aseme.

Mzee akakubali, kwa masharti. Nije nifuturu kwake. Nipande na bomba langu, ndivyo alivyoiita darubini, juu ya paa. Chombo kimtafute Mshtarii chenyewe, nisikisukume kwa mkono, maana nyota ile hata yeye anaiona bila bomba. Kisha kimwonyeshe kitu ambacho macho yake hayajawahi kukiona.

Na saa yake ya ukutani ikigonga saa tatu, nishuke niende zangu.

"Nikifaulu, Haji?" nikamuuliza.

"Mama yako atakaribishwa hapa na sukari yake."

Kwetu posa huja na sukari, lile pande refu lenye ncha lililofungwa karatasi.

"Na nisipofaulu?"

"Basi likiondoka limeondoka, kijana."

Sasa niwaeleze kuhusu hiyo saa ya ukutani.

Morocco tunaishi na saa mbili. Ipo saa ya zamani, na ipo mpya ya serikali, iliyo mbele kwa saa moja. Ukipanga kukutana na mtu lazima muulizane: ya zamani au mpya? Mwezi wa Ramadhani serikali hurudisha saa nyuma, nchi nzima inarudi kwenye ya zamani. Ramadhani ikiisha, tunasogezwa tena mbele.

Haji Bassou hajawahi kusogezwa.

Saa yake imetundikwa juu kabisa ya ukuta wa chokaa, chini ya ngazi ya kwenda paani, na inafuata saa ya zamani mwaka mzima. Husema jua halikupokea barua yoyote kutoka serikalini. Ramadhani ikiingia anajivuna, anasema, mmeona, wamerudi wenyewe kwangu.

Nyumbani kwake saa ni hiyo moja tu. Simu za wageni hukaa kwenye kikapu mlangoni, nawe hubishani na kikapu, unaiweka yako unanyamaza.

Basi nikaenda. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mfungo.

Lalla Itto, mama yake Tuda, alipika harira, supu yetu ya futari, ya kumfanya mtu asahau jina lake. Nikala tende, nikanywa bakuli, akaniongeza jingine. Tuda alikuwa anapita na sinia bila kunitazama, na kutotazama kwenyewe kulikuwa kama kunitazama.

Tuliposwali Magharibi nikaanza kupandisha vyombo paani. Miguu mitatu kwanza. Halafu betri. Halafu bomba lenyewe, nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Kwenye ngazi nikapishana na Haji. Alikuwa anahema kidogo, na mkono wa kanzu yake ya sufu ulikuwa na chokaa.

Nikamwambia, "Haji, umejichafua."

"Shughulika na bomba lako," akajibu.

Nikashughulika nalo.

Giza lilikuwa limeshaingia vizuri. Mshtarii alikuwa magharibi, anang'aa peke yake juu ya mitende. Nikasawazisha miguu. Nikatafuta Nyota ya Kaskazini, nikaielekeza darubini. Nikaingiza Zagora. Nikaingiza tarehe. Kompyuta ikauliza kama saa zimesogezwa mbele. Hili swali huwakosesha wengi kwetu. Nikatulia, nikajikumbusha kuwa ni Ramadhani, nikajibu hapana.

Kisha nikaita chini ngazini kuuliza saa ya nyumba inasemaje.

Lalla Itto akasoma, akanijibu kwamba inakaribia saa mbili na nusu.

Muda ulikuwa umekwenda kweli. Nikajilaumu kwa lile bakuli la pili.

Nikaingiza saa. Nikachagua Mshtarii. Nikabonyeza.

Darubini ikanguruma. Ikageuka magharibi, vizuri kabisa. Ikampita Mshtarii bila hata salamu. Ikateremka, ikateremka, ikasimama.

Nikachungulia. Kitu cheusi. Nikarekebisha kioo.

Dishi. Paka. Vyote miguu juu, kwa sababu darubini hupindua mambo.

Haji, aliyekuwa ameshapanda na Tuda nyuma yake, akaomba nafasi. Akainama, akatazama kwa makini, akainuka.

"Mashallah," akasema. "Mshtarii ana masharubu."

Tuda akaziba mdomo kwa ncha ya shela.

Haji akaendelea taratibu tu, anaonyesha kwa kidole. "Mimi, macho haya ya uzee, nyota naiona pale. Bomba lako lenye akili linamtazama paka wa jirani yetu Moha. Watalii nao huwa unawaonyesha paka?"

Kusukuma kwa mkono ni marufuku. Na kule chini niliisikia saa, tik, tak, kama mtu anayekata vitunguu bila haraka.

Nikafanya ninachofanya pampu ikigoma. Nisilaumu, nikague.

Betri, nzima. Miguu, imesawazika. Kaskazini, sawa. Zagora ni Zagora. Tarehe ni ya leo. Lile swali la saa kusogezwa, nimejibu hapana.

Nikanyoosha mkono kuelekea angani. Nikatanua kidole cha shahada na kile kidogo. Umbali kati ya Mshtarii na dishi ukaingia humo sawasawa.

Nikaganda.

Anga husogea kiasi hicho kwa saa moja. Darubini haikuwa imekosea hata chembe. Ilikuwa inatazama pale ambapo Mshtarii atakuwapo saa moja baadaye.

Maana yake saa ya Haji Bassou ilikuwa mbele.

Saa ambayo serikali yenyewe ilishindwa kuisogeza.

Nikatazama chini, kisha nikatazama ule mkono wa kanzu. Chokaa. Nikamtazama Haji usoni. Alikuwa anamtazama paka wa Moha kwa bidii isiyo ya kawaida.

Hapo nikawa na njia mbili. Niseme kweli, nimwambie mkuu wa kituo, mbele ya mkewe na binti yake, kwamba saa yake inadanganya. Au ninyamaze, saa tatu igonge, nibebe bomba langu.

Tuda aliniona nimesimama. Akasogea, akaninong'oneza, "Addi, kuna nini?"

"Kuna kosa dogo," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Haji, niwie radhi. Vidole vyangu vimezidisha saa moja. Niruhusu niipunguze."

Mzee hakugeuka.

"Vidole vyako?" akauliza.

"Vyangu, Haji."

"Punguza, basi."

Nikapunguza. Nikabonyeza.

Darubini ikainua kichwa. Ikaliacha dishi, ikapanda juu ya ukuta, juu ya mitende, ikanguruma polepole kama mzee anayejiinua kwenye mkeka. Ikasimama.

Sikuchungulia kwanza. Nilimwachia yeye.

Haji Bassou akainama. Akaweka jicho.

Akalifumba lile jingine.

"Kuna nne," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndogo. Zimepangwa mstari."

Nikamwambia ni miezi ya Mshtarii, inamzunguka. Kila mmoja una njia yake, na haujawahi kuchelewa.

"Haujawahi kuchelewa," akarudia, kama mtu aliyekutana na ndugu wa kituo kimoja.

Wakati huohuo adhana ya Isha ikapaa kutoka msikitini.

Na kabla muadhini hajafika mbali, kule chini saa ikaanza kugonga. Ikagonga saa tatu kamili.

Lalla Itto alikuwa juu ya ngazi na birika mkononi. Akasikiliza adhana. Akasikiliza saa. Isha yetu siku zile ilikuwa inaingia saa mbili, na yeye amefuata adhana ile tangu azaliwe.

"Haji," akasema polepole, "muadhini amelala, au saa yako imeota miguu?"

Yeye akausogelea ule mkono wa kanzu, akaukung'uta chokaa kwa vidole viwili, kama anayemfuta mtoto makombo.

"Na imepanda ukuta kwa miguu ya nani?"

Tuda alicheka mpaka akakaa chini.

Haji Bassou hakulitoa jicho kwenye darubini. Angelipeleka wapi? Hapo ndipo palipokuwa mahali pekee pa kuficha uso.

"Itto," akasema akiwa ameinama vilevile, "tukitoka kuswali umimine chai. Bado mapema."

Kisha akaniambia, bado hajainuka, "Na wewe. Mwambie mama yako sukari isiwe ndogo."

Siku ya posa mama yangu alibeba sukari mbili, asiaibike. Haji alizipokea mbele ya wazee, akasema maneno ambayo wengi hawakuyaelewa.

"Katika maisha yangu ni basi moja tu lililoondoka kabla ya saa yake. Na dereva nilikuwa mimi."

Mimi na Tuda tukatazamana.

Baadaye Haji aliniambia kwamba alinuia kunipunja muda, nishindwe upesi, alale. Hakujua kwamba bomba langu lingeiamini saa yake kuliko yeye mwenyewe alivyoiamini siku ile.

Ninachokumbuka mimi ni hiki. Chombo kikikosea, kikague chote kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Na ukishamjua mwenye kosa, mwachie mlango wa kutokea bila kuaibika.

Huenda mlango huohuo ndio utakaoingilia wewe na sukari yako.