Bibi Aliyeniamkia Kisiwani

Kabla ya yote, nakuomba usiniamkie. Najua ulilelewa vizuri, na ukiniona nilivyo, mgongo umepinda na mkongojo mkononi, ulimi utakuwasha. Umeze. Niambie "habari za saa hizi", niambie "mambo", nitukane ukitaka, sitakasirika. Ila shikamoo yako kaa nayo. Haya ninayokusimulia yamenipata mimi mwenyewe, si shangazi wa jirani, na miaka miwili haijatimia. Kitambulisho changu hiki hapa. Soma mwaka wa kuzaliwa, halafu nitazame usoni. Haya, cheka. Wote huanza kwa kucheka.

Mwaka huu natimiza ishirini na tisa.

Nilikuwa na studio Kilole, pale Korogwe mjini. Chumba kimoja, kitambaa cha bluu ukutani, kiti cha kuzunguka. Pasipoti saizi, kipaimara, send-off, kila kitu nilipiga. Nilikuwa mzuri, na kwa nini nijifiche? Nilikuwa na mwanya, na niliujua. Mdomo nao nilikuwa nao. Wazee waliokuja kupiga picha za vitambulisho niliwachezea nilivyotaka. "Bibi, cheka basi, kama meno yamebaki." "Babu, makunyanzi yote haya yataenea kwenye picha ndogo hivi?" Walicheka pamoja nami, maana mzee akitaniwa hucheka hata ikimuuma. Wakati ule sikulijua hilo.

Ikaja semina ya picha za mandhari. Nilijiandikisha kwa sababu nilikuwa nimechoka na sura za watu. Mlima hauji kesho yake kulalamika kwamba umeutoa mnene. Mwalimu Deo, mtu wa Dar, mpole, alichukua watu wanane kwa siku tatu. Tulilala nyumba ya wageni upande wa Ngombezi, nyuma ya mashamba ya katani, na jioni tulipangiwa kuvuka kwenda kisiwani.

Usifikirie kisiwa cha baharini. Hiki ni cha mtoni, katikati ya mto Pangani. Mawe matupu yamerundikana, mkuyu mmoja umepinda, na maji yanapiga kelele pande zote mbili. Unaweza kukizunguka chote kabla chai yako haijapoa, ukikubali kuchubuka magoti. Wenyeji wanakiita Kwabibi. Katika watu wanane hakuna hata mmoja aliyeuliza ni bibi gani.

Aliyetuvusha kwa mtumbwi alikuwa Mzee Mhina. Alisema jambo moja tu, akiwa anatusukuma kutoka ukingoni: "Kule sisi hatusalimiani. Ukimkuta mtu, mpite."

Mimi nikadakia, "Ndiyo maana watu wa mtoni hamna adabu!" Mtumbwi mzima ukacheka. Mzee Mhina alitazama maji, akaendelea kusukuma.

Mwalimu Deo alitutawanya, kila mtu na jiwe lake. Hakuna kuzungumza, tungoje mwanga wa mwisho kabla jua halijazama. "Na mkiweza," alisema, "wekeni mtu ndani ya picha, mbali, aonekane mdogo. Bila mtu hakuna atakayejua jiwe lina ukubwa gani." Mimi nilipangiwa upande wa juu, maji yanakotokea. Nikasimamisha kamera kwenye stendi yake, nikaanza kutafuta picha yangu.

Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua kama kumi kutoka nilipokuwa. Nilimwona vizuri, sitakudanganya. Mwembamba, kanga imepauka hata maandishi hayasomeki. Nilipaswa kumwamkia. Lakini mwanga ulikuwa unakuja, wa rangi ya asali, na mwanga haungoji mtu. Nikasema moyoni, nitamwamkia baadaye. Nikampa mgongo.

"Shikamoo," akasema yule bibi.

Unajua mambo ya kwetu. Mtoto akimpita mtu mzima kimya, mtu mzima humwamkia yeye, tena kwa sauti, ili aone haya. Nilifanyiwa hivyo mara ngapi utotoni, kule Kwamsisi! Na mtoto mwenye akili hujikunyata akasema, nisamehe bibi, shikamoo. Mambo yanaisha.

Mimi niligeuka, nikashika kiuno, nikajibu, "Marahaba, mjukuu wangu! Hujambo?"

Nilidhani atanitukana, au atacheka kama wale wa studio. Alifumba macho. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kutoka kichwani.

"Sijambo, bibi," akasema. "Sasa sijambo kabisa."

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia akae hapohapo, asitikisike, ndiye mtu wa kwenye picha yangu. Akakaa. Nikapiga picha moja tu, na niliposhusha macho kuitazama kwenye kamera, mwanga ulikuwa umeshaondoka na jiwe lilikuwa tupu. Nikadhani ameshuka upande wa pili. Mwalimu akatuita, tukavuka.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali na samaki. Nilitafuna tonge la pili, nikahisi kitu kigumu. Nikadhani mwiba. Nilipokitoa kilikuwa jino langu, la mbele, zima, halina hata damu. Nililificha kiganjani kama mwizi. Nikakaa nyuma kabisa, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshawasha projekta kuonyesha picha za kila mtu ukutani.

Ikafika yangu. Mto, mawe, mkuyu, ile rangi ya asali. Picha nzuri kuliko zote, naapa. Na juu ya jiwe amekaa msichana. Si bibi. Msichana wa miaka ishirini na kitu, kanga imepauka, anacheka na kamera. Sura haikuwa yangu. Lakini Mwalimu alipoikuza picha ikajaa ukuta, nikauona mwanya. Mwanya wangu ule ule, nami nikauangalia huku ulimi wangu unapita kwenye pengo.

"Mtu wako kapendeza," mmoja akasema. "Umempata wapi?"

Nilikwenda kulala. Asubuhi dada wa usafi, mtu mzima kuliko mimi, alifungua mlango akashtuka. "Ah, shikamoo bibi, samahani." Nami bado nina usingizi, nikaitikia. Marahaba. Nani hufikiria anapoitikia marahaba? Inatoka yenyewe. Nikataka kuinuka, kiuno kikagoma. Nikatazama mikono yangu juu ya shuka, nikafikiri nimelala na mtu mwingine.

Nilipotoka nikijikongoja barazani, Mwalimu Deo alisimama kwa heshima. "Shikamoo bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Mwalimu, ni mimi." Sauti ilitoka mikwaruzo mitupu. Alinishika mkono vizuri sana, akanikalisha kwenye kiti, akaagiza niletewe chai. Kisha akaenda kugonga mlango wa chumba changu. Vitu vyangu vilikuwamo, kamera ilikuwamo, mimi sikuwamo. Kufika saa nne walikuwa wanakimbilia mtoni wakiita jina langu, na mimi nimekaa kibarazani na kikombe, naitika, na hakuna anayegeuka.

Nikajikokota hadi kwa Mzee Mhina. Yeye peke yake hakuniamkia. Aliniangalia, akatazama chini.

"Nilisema kule hatusalimiani."

"Kwa nini hukunieleza yote?"

"Ningekueleza ungecheka. Ulicheka hata hiyo nusu." Alikuwa anachota maji mtumbwini kwa kopo, hakuacha kazi yake. "Ameshaondoka. Nimemvusha alfajiri, binti mzuri, ana mwanya. Alikaa pale tangu sijaoa. Sikiliza. Wewe umepokea shikamoo ya mtu aliyekuzidi umri, umepokea na umri wake. Kila utakayemwitikia sasa anakuongezea. Ukitaka kuutua, mwamkie mdogo wako, akuitikie. Lakini utahangaika. Mwenye adabu haitikii."

"Na nisipoitikia wanaoniamkia?"

"Jaribu," akasema. Hakuwa na huruma hata kidogo, na leo simlaumu.

Nilijaribu. Wewe umewahi kuacha shikamoo ya mtu ianguke chini? Jaribu uone. Mwanamke wa genge la mboga aliniamkia nikanyamaza, akarudia, nikanyamaza, akashika kifua: "Bibi, nimekukosea nini?" Akataka kulia. Nikaitikia. Kondakta wa basi la Handeni, nikaitikia. Bodaboda wa kunipeleka Kwamsisi, "Shikamoo bibi, panda taratibu," nikaitikia, na yule kijana tulicheza wote rede utotoni. Tulipokaribia nyumbani, watoto wa shule walikuwa wanatoka, wamejipanga njiani. Darasa zima, kwa sauti moja: "Shikamoo bibi!" Niliitikia mara moja tu kwa wote. Magoti yalikatika palepale, bodaboda akanikatia fimbo ya kutembelea.

Nilikuwa nakwenda kwa mama. Nilijiambia, dunia nzima inaweza kunipotea, mama hawezi. Mama alinijua tumboni kabla sijawa na sura, sasa sura ina kazi gani? Hayo ndiyo niliyoshikilia njia nzima.

Nilikuta watu wamejaa uani. Semina ilikuwa imeshapiga simu: nimesombwa na mto, nimetafutwa, mwili haujapatikana. Mama alikuwa kwenye mkeka, kanga kichwani, macho yamevimba. Nikamshika mabega. "Mama, ni mimi. Mama, nitazame." Wanawake wakanitoa polepole. "Bibi wa watu amechanganyikiwa, mpeni maji." Nikataja jina la mbuzi wetu wa zamani, nikataja kovu la moto lililo pajani kwangu, nikapandisha gauni niwaonyeshe. Ngozi ilikuwa imekunjamana, kovu huwezi kulitofautisha na makunyanzi mengine. Wakanifunika haraka wakinionea aibu.

Na mama yangu, mfiwa, akajifuta machozi, akasogea kwangu kwa magoti. Akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Karibu. Ulimjua mwanangu?"

Ua wote ulikuwa unatutazama. Niambie wewe, ungefanyaje? Mama yako analia, amekupigia magoti, anakuamkia. Ungemnyamazia? Nilijua itanigharimu. Nilijua pia kwamba nikishaitikia, mimi si mwanawe tena, kwa maana mtu haamkiwi na mama aliyemzaa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Nilimjua. Alikuwa na mdomo sana."

Mama akacheka huku analia. "Alikuwa nao," akasema. "Huyo ndiye."

Wakanipakulia wali. Nilikula wali wa matanga yangu mwenyewe, na niliumaliza wote, nilikuwa na njaa. Usiku wakanipa mkeka nilale chumba nilichozaliwa, na asubuhi wakanichangia nauli. Sijarudi tena. Kila nikirudi ataniamkia.

Yule msichana nimemwona mara moja, stendi ya Korogwe, anakula mahindi ya kuchoma. Nilimkimbilia kwa kasi niliyobakiwa nayo. "Shikamoo!" nikamwambia. "Shikamoo, shikamoo, shikamoo!" Akaweka kiganja mdomoni. Akatikisa kichwa huku mabega yakitikisika kwa kicheko, akapanda basi la Dar, akakaa dirishani. Nikauona ule mwanya mpaka basi likapinda kona.

Tangu hapo nimewaamkia vijana wangapi? Wa Kilole, wa sokoni, wa Handeni mjini, hata waendesha boda wenye midomo michafu kama niliokuwa nao mimi. Wote wanaruka. "Bibi, unaniweka dhambini!" "Bibi, mimi ndiye wa kukuamkia, shikamoo!" Na hapo lazima niitikie mimi, nabeba tena. Watu wa huku wana adabu mno, na hiyo adabu ndiyo inayonimaliza. Daktari amesema moyo umechoka. Amenipa miezi, kwa heshima kubwa, baada ya kuniamkia.

Kwa hiyo nakuonya, na onyo langu ni la kweli. Mtu mzima asikupite bila kumwamkia, hata kama mwanga unakuja. Usimtanie mzee ambaye huoni amekaa kwenye nini. Na aliyekuzidi umri akikuamkia, mahali popote, kwa mdomo au kwa maandishi, usimwitikie.

Nimemaliza. Umenisikiliza vizuri, hukunikatiza, umelelewa. Una miaka mingapi wewe? Usiniambie, nimeshaona inatosha.

Shikamoo.

Mbona kimya? Mtu mzima anakusalimia, unamtazama tu? Itikia basi, hata moyoni.