Nilimwambia mutoto aandike «non»

Miye njo nilikosa. Haiko mutoto yangu mwenye alipanga safari, haiko gidi mwenye aliongoza batu ku mulima, haiko dokta. Ni miye, mwanamuke muzee ya Bunia, mwenye kartye muzima, mutaa yetu yote, inajua kama sipendi uongo. Batoto ya jirani banapita mbali na mulango yangu sababu banajua nitabauliza kweli mpaka itoke. Kumbe ya kwangu ilikuwa mu sanduku, chini ya vikwembe, imekunjwa mara ine.

Nitasema pole pole. Mutanivumilia, masomo yangu iliishia mwaka ya tatu primaire.

Niko na mujukuu, nitamwita Furaha, haiko jina yake. Mama yake, binti yangu, alikufa wakati Furaha hajafikisha miaka mbili. Akabaki mu mikono yangu. Alikuwa anavimba vidole ya mikono na ya miguu, analia siku mbili, siku tatu, hanyamazi. Nikamupeleka hospitali. Dokta akamutoa damu, kisha akaniita mu biro, akafunga mulango.

"Mama, huyu mutoto iko SS, ule ugonjwa ya selimundu. Damu yake inageuka, inaziba mu mishipa, njo ile maumivu. Anywe maji mingi. Baridi mubaya kwake. Kuchoka sana mubaya. Mahali ya juu sana, kule hewa iko kidogo, usimupeleke hata siku moja. Na usifiche, Mama. Famille ijue."

Akanipa karatasi ya labo.

Nikaficha. Ile wiki batu balikuwa banakuja kwetu kwa ndoa ya binti yangu ya mwisho. Mu kartye yetu nilishaona msichana mwenye mahari yake ilirudishwa sababu batu balisema kwao kuko damu mubaya. Nikajiambia, nitasema kiisha ndoa. Ndoa ikapita. Nikajiambia, mutoto akomae kidogo. Akakomaa. Vidonge yenye dokta alisema anywe kila siku nilikuwa nikimupa, nikimwambia ni vitamine. Na wakati miguu inamuuma nilimwambia ni rhumatisme, ugonjwa ya viungo, kama ya kwangu. Akaamini. Miye bibi yake ananiita Koko, na alikuwa anapenda kusema: "Siye na Koko tuko na miguu ya famille."

Miaka kumi na moja nilibeba ile karatasi kichwani. Unazoea. Mpaka unasahau kama ni uongo.

Sasa mutoto yangu ya kwanza, mwenye iko Kanada na muke yake, akatelefone dimanche moja kisha misa.

"Mama, vakansi kubwa tunakuja. Lakini hatutaketi mu salon kula tu. Tutapanda Ruwenzori, famille muzima. Tutapitia upande ya Uganda, sababu kwetu barabara haiko salama. Siku ine tu. Hatufiki kileleni. Tunafika pahali tunaona teluji, kisha tunashuka."

"Ruwenzori? Umepoteza nini kule?"

Akacheka. "Mama, kila mwaka bazungu banatoka mbali kupanda mulima yetu, na siye tunaionaka mu picha tu. Weye utabaki chini na muke yangu na bebe. Miye, batoto yangu mbili na Furaha tutapanda."

Furaha alikuwa amesimama nyuma ya kiti yangu, anasikia yote. Alirukaruka mpaka nikamwambia aende akachote maji.

Jua ya saa sita ilikuwa inachoma bati. Pale pale ningesema. Maneno tatu tu: mutoto iko mugonjwa. Nikasema: "Na masomo yake?"

"Ni vakansi, Mama."

"Na baridi?"

"Nitaleta makoti. Weye sasa ulianza lini kuogopa baridi?"

Basi safari ikaanza kupangwa, na kila kitu yenye ilipangwa ilikuwa kama mutu anapigilia misumari mu mulango yangu. Bote za Furaha, viatu ngumu ya kupanda mulima, zilikuja na mutu ya Kampala. Alizivaa mu nyumba, alizivaa ku soko, wakati ya kulala alizipanga karibu ya kitanda. Aliomba thermos yangu ya chai. Aliapa mbele ya barafiki yake ya kartye Rwambuzi kama atairudisha imejaa teluji, kila mutu aguse.

Mutoto yangu akatuma programu: kila samedi, ni kusema Jumamosi, Furaha atembee masaa tatu, apande vilima, azoee. Nilienda naye miye mwenyewe, na fimbo yangu, kule nyuma ya kartye Saio. Samedi mbili alipanda muzuri. Ya tatu akaketi njiani, anakamata mifupa ya miguu, midomo imekauka.

"Koko, inauma mu ndani."

Kulikuwa bamama banapita na mizigo ya mihogo, banatuangalia. Nikamwambia kwa nguvu: "Simama. Uvivu hiyo."

Akasimama. Alishuka kilima nzima akijishika ku bega yangu, hakulia. Nyumbani nikamukanda na mafuta ya moto, nikamunywesha maji litre mbili, nikamufunika. Dimanche mutoto yangu akauliza: "Furaha anatembea?" Nikajibu: "Anatembea kuliko weye."

Kisha ikafika fishi.

Batu ya mulima banatuma karatasi ya maswali, ku telefone, mu kifaransa. Furaha njo alikuwa anasoma na kunigeuzia mu Swahili, sababu macho yangu na kifaransa yangu vyote viko kidogo. Tuliketi ku mulango, anasoma na sauti ya mwalimu, anafinya na kidole. Jina. Miaka. Kimo. Saizi ya bote. Tukafika chini.

"Banauliza: kuko mutu mwenye iko na ugonjwa ya moyo?"

"Hapana."

"Ya mapafu?"

"Hapana."

"Ya damu? Koko, ya damu ni nini? Ni kama sida, ile ukimwi?"

"Andika non."

Akasimamisha kidole. "Na miguu yangu?"

"Ile ni rhumatisme. Rhumatisme haiko damu. Andika."

Akaandika. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliandika «non» na mukono yake, kisha akaniangalia akicheka, sababu karatasi iliisha na safari ilikuwa yake.

Ile wiki yote sikula muzuri. Niliomba Mungu alete mvua, afunge mupaka, aharibu motere ya pirogi yenye itatuvusha ziwa. Unaona akili yangu? Nilikuwa namuomba Mungu afanye yenye kinywa yangu ingefanya kwa dakika moja.

Mupaka haikufungwa. Tulishuka Kasenyi, tukavuka ziwa, tukapanda gari mpaka chini ya mulima. Batu ya Kanada balitukuta kule. Asubuhi ya kupanda, Furaha alinikumbatia na ule mukoba mukubwa mugongoni. Nilimuwekea chupa tatu za maji. "Kunywa hata kama hausikii kiu. Ukisikia maumivu, usijikaze." Akasema: "Koko, weye njo ulinifundisha kujikaza."

Siku mbili telefone ilileta habari muzuri. Nilianza kupumua. Nilianza hata kujidanganya kama dokta alikosea.

Siku ya tatu, saa sita ya muchana, niliketi mbele ya nyumba ya wageni na mukamwana yangu, muke ya mutoto yangu, anamulisha bebe. Telefone ikalia. Ilikuwa gidi, na Swahili yake ya kule.

"Mama, huyu msichana analia sana. Miguu, mgongo, na hapa kushoto kwa tumbo. Mjomba wake anasema hana ugonjwa, na fomu inasema hapana. Wewe ndiye umemlea. Kuna ugonjwa wowote?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia Furaha. Ile kilio niliijua tangu vidole yake ni midogo.

Na mukamwana alikuwa anageuza kichwa kunisikiliza. Bukwe, mujue, bukwe, ile haya ya mbele ya bakwe. Nikaona kama akijua, atasema niliwekea bwana yake damu mubaya mu famille, na mambo itafika kwao.

Nikasema: "Hapana. Hakuna."

"Basi ni uchovu. Tutamlaza apumzike mpaka kesho."

Rezo ya telefone ikakatika.

Hii njo kosa ya kosa zangu zote. Ile ya karatasi niliifanya na woga ya zamani. Lakini hii niliifanya wakati nasikia mutoto analia. Kama miye ningesema, bangeshuka naye ile dakika.

Sijui niliketi pale muda gani. Mukamwana akaweka bebe chini. "Mama. Uniangalie."

Niliangalia bebe.

"Mama, kweli hakuna?"

Nikaangalia ule mulima. Mawingu ilikuwa imeifunika, huoni kitu, na mujukuu yangu alikuwa mule ndani. Nikasema: "Iko SS. Najua tangu alikuwa mudogo."

Nilingoja anitukane. Alisimama tu, mukono ku kinywa. Kisha akasema pole pole: "Kaka yangu alikufa na hiyo. Kwetu pia tulificha. Hata bwana yangu hajui."

Tukaangaliana, bapumbavu mbili. Kisha akakimbia. Alikimbia miguu mutupu mpaka ku biro yenye iko na redio, na miye nikamufuata na fimbo, nikasema mbele ya batu bote, na sauti yangu yote: "Mutoto mwenye iko juu iko SS. Fishi inaongopa. Miye njo niliongopa. Mumushushe."

Bagidi balimubeba mu machela, banapokezana, njia ya matope na mawe, masaa na masaa. Miye nilikaa mwanzo ya njia. Kila mutu mwenye alitokea mu miti, nilisimama. Sikuomba Mungu tena, nilikuwa na haya mbele yake. Wakati balifika, Furaha alikuwa na midomo ya rangi ya majivu na macho ya manjano. Aliniona. Hakuniita.

Alilala hospitali wiki tatu. Bamuwekea damu, bamuwekea hewa. Ku mulango ya chumba mutoto yangu aliniuliza: "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

Hakunipigia kelele. Aligeuka akaangalia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha ile siku, dimanche nyingi zilipita telefone yangu bila kulia.

Furaha iko muzima, namushukuru Mungu. Lakini damu iliziba mu mufupa ya nyonga, ya kushoto. Dokta anasema ile mufupa ilikufa sehemu. Anachechemea. Zamani ku shule alikuwa mukali ya nzango, ule muchezo ya miguu ya basichana, hakuna mwenye alimushinda. Sasa banachezea mbele yake, yeye anahesabu points.

Thermos ilirudi. Haikufunguliwa hata mara moja.

Tulifika nyumbani, akaniomba ile karatasi. Nikafungua sanduku. Alisoma mwanzo mpaka mwisho, akarudilia. "Ni miye huyu," akasema. Haikukuwa swali. Kisha akasema neno yenye naisikia mpaka leo: "Koko, «non» niliandika na mukono yangu."

Nikamwambia: "Mukono ilikuwa yako. Uongo ilikuwa yangu."

Sasa anasoma kila karatasi yenye inaingia mu nyumba, hata ya unga, hata ya dawa ya panya. Vidonge yake anakunywa mwenyewe na anaita jina yake ya kweli. Na usiseme «rhumatisme» mbele yake.

Binti yangu ya mwisho nilimwambia pia. Bwana yake hakumufukuza. Balienda bote mbili labo, na batoto. Na mukamwana akaambia bwana yake, batoto yao nao bakapimwa. Nilichoogopa miaka kumi na moja iliisha mu wiki moja, na haikuua mutu. Yenye nilificha njo ilikaribia kuua.

Basi weye mwenye unasoma, bibi kama miye, mama, shangazi: kama iko karatasi mu sanduku yako, itoe leo. Usingoje ndoa ipite, usingoje mutoto akomae. Mwambie mutoto mwenyewe wa kwanza, sababu ni mwili yake. Na kama mutu anakuuliza mara ya pili, na unasikia mutoto analia nyuma, usiangalie nani anakusikiliza.

Hii barua imenichukua siku sita. Furaha aliona namna napiganisha kalamu, akachechemea mpaka ku meza, akasema: "Koko, leta nikuandikie."

Nikakataa. Ile mukono nilishaituma mara moja.