Neno la Memsabu

Mtu akinisifu, kwanza namtazama usoni nione anataka nini. Wanangu hunicheka kwa hilo. Nawaambia mimi nimelelewa nyumba moja na barua ya Kizungu, kwa hiyo waniache.

Baba alikuwa mpishi wa Wazungu. Kila alfajiri alitoka Temeke kwa baiskeli kwenda Uzunguni, na jioni alirudi kanzu yake ikinuka vitunguu. Mabwana zake walipokuwa wanarudi kwao Ulaya, memsabu, yule bibi wa Kizungu mwenye nyumba, alimwandikia barua ya sifa, aende nayo kwa bwana mwingine. Bila barua ya namna hiyo mpishi hakupata kazi ya maana. Na wapishi wa zama zile hawakukubali kusomewa na mtu mmoja. Walitafuta wawili wasiojuana, maana ilisimuliwa habari ya dobi aliyetembea na barua mwaka mzima, kumbe imeandikwa asiajiriwe.

Msomaji wa kwanza alikuwa mpangaji wetu, karani Mkristo kutoka bara. Aliisoma barazani, mama akisikiliza nyuma ya pazia la mlango. Mpishi huyu ni mwaminifu, ni msafi, na ni "sober". Baba akauliza hilo la mwisho ndiyo nini.

"Yaani si mlevi," karani akasema, wala hakuinua macho.

Baba akaikunja barua, akaipeleka kwa Mwarabu mwenye duka, ambaye mwanawe alisoma Kiingereza. Jibu likawa lile lile.

Baba hakukosa swala, na pombe hakupata kuionja. Sasa memsabu alikuwa ameyatoa wapi mambo ya ulevi? Mama ndiye aliyelishika swali hilo, na hakuliachia.

"Mie sijasema unakunywa," alimwambia. "Nauliza tu, mbona hakuandika kwamba huli watu?"

Akakumbuka na Desemba moja, kanzu ilivyorudi inanuka brandi. Baba akaeleza upya kwamba keki ya Krismasi ya Wazungu hulowekwa brandi, na kwamba yeye aliipika kwa pua tu, hakuionja. Mama akasema hajapata kumwona mpishi asiyeonja. Mimi nami, binti wa miaka tisa, nikaanza kumchunguza baba anavyopanda baiskeli, kama anayumba. Naona haya kulisema, lakini nilimchunguza.

Ijumaa moja baada ya swala nilimwona ameutoa Msahafu kwenye rafu, akaingia nao chumbani kwa mama. Walikaa kitambo. Alipotoka, barua hakuiulizia tena. Ilibaki sandukuni mwa mama. Baba aliishia kupika maharage na chapati katika mkahawa mdogo wa karibu na bandari, na huko ndiko alikofanya kazi mpaka alipofariki.

Mwingereza alikuwa bado hajaondoka nilipoanza kufundisha shule ya wasichana. Shule ikatafuta mpishi, nami nikapewa barua za sifa za waombaji nizipange. Zilikuwa saba. Neno lile lilikuwamo katika sita, na mmoja wa hao sita alikuwa mzee mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso. Ulikuwa mtindo wa Wazungu tu wa kuandika, kama sisi tunavyoanza barua kwa salamu nyingi.

Hata hivyo sikuridhika. Nilifungua kamusi kubwa ya mwalimu mkuu. Neno lilitoka kwa Warumi wa kale, likapitia kwa Wafaransa, na inadhaniwa Warumi waliliunda kwa kuchukua neno lao la mlevi na kulitia mbele kipande cha kukanusha. Basi karani hakukosea, pombe imo humo ndani. Lakini chini yake ziliandikwa maana zilizokuja baadaye: mtu mtulivu, wa kiasi, asiye na papara, hata nguo isiyo na rangi za kupiga kelele. Nilimwona baba mzima mzima katika mistari ile, nikalia ofisini mwa watu.

Jumamosi nikaenda Temeke, nikamweleza mama yote. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama ni kweli ni wote sita, na yule mzee wa sijida pia. Nikamwambia ndiyo.

"Baba yako aliniapia kwa Msahafu," akasema. "Mie nikamwambia aape tena."