Damu Isiyokorogwa

Sinyati alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwanamke mwingine wa Oldonyo Sambu aliyeiweza kama yeye. Mumewe, Simel, alipomfunga ng'ombe kamba shingoni na kuufuma mshipa kwa mshale mfupi, Sinyati ndiye aliyekinga damu kwa kibuyu bila kumwaga tone. Kisha aliikoroga. Alizungusha kijiti haraka, bila kupumzika, mpaka nyuzi nyekundu zikajisokota kwenye kijiti na damu iliyobaki ikawa laini, ya kunyweka. Damu iliyoachwa ikaganda ilikuwa imeharibika. Ilikuwa ya mbwa, na mke aliyeiharibu alichekwa mpaka watoto wake wakaota ndevu.

Miaka miwili hivi kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, sotoka iliingia upande ule wa mlima. Ng'ombe walitokwa machozi, wakaharisha, wakaanguka. Simel alikuwa na ng'ombe wachache, lakini macho ya Sinyati yalikuwa kwa mmoja tu, Mugie, mwenye rangi ya udongo. Homa ya masika ilikuwa imemkausha Sinyati maziwa kifuani, na binti yake wa miezi minne, Nasieku, aliishi kwa maziwa ya Mugie. Sotoka ilikuwa imeshafika ng'ambo ya korongo.

Ndipo daktari wa mifugo wa Kijerumani alipokuja na sanduku la mbao. Ndani, juu ya pamba, ililala mirija kumi na miwili ya kioo, mirefu kama mkono kutoka kiwiko, imezibwa upande mmoja.

"Vibuyu gani hivi?" alicheka Simaloi, jirani yao. "Unaviona hadi tumboni!"

Mkalimani wa daktari alikuwa Eliasi, Mmeru aliyesoma kwa wamisheni. Alieleza kwamba ng'ombe aliyeugua sotoka akapona, damu yake ina dawa. Daktari ataitoa dawa hiyo na kuwachoma sindano walio wazima, na watakaomsaidia, ng'ombe wao watatangulia. Daktari alikuwa na sindano yake nene, lakini maksai wawili aliokuja nao, waliopona sotoka, hawakutaka kumwona. Walimrushia mateke. Mwishowe akakubali mshale wa Simel na mikono ya Sinyati, akaenda na Eliasi boma la pili kukagua vinywa vya ng'ombe.

Hakuna aliyemwambia Sinyati lolote kuhusu kukoroga, naye hakuuliza. Nani huuliza jambo ambalo hata mtoto analijua? Alichonga kijiti chembamba kinachoingia kwenye kioo, akakoroga mrija wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na moja. Wa kumi na mbili ulipojaa, Nasieku alilia kwa nguvu ndani. Sinyati alikimbia kumnyamazisha. Aliporudi, damu ilikuwa imeshikana kama ini.

Alitazama kushoto na kulia, akauviringisha mrija ule kwenye kipande cha ngozi na kuusimamisha nyuma ya kitanda.

Asubuhi daktari aliinua mirija kuelekea jua, mmoja mmoja. Nyekundu juu, nyekundu chini. Alisema maneno mengi sana. Eliasi akatafsiri machache.

"Anauliza, yale maji yako wapi?"

"Maji?" Sinyati alishika kifua. "Sikutia maji hata tone! Mimi si mtu wa kuongeza vitu vya watu maji. Mwulizeni Simel!"

"Si hivyo, mama. Anasema damu ilitakiwa iachwe, igande, halafu maji ya njano yajitenge juu. Anayataka hayo."

"Iliyoganda?"

"Iliyoganda."

"Ile ya mbwa?"

Eliasi alimtupia daktari jicho, na neno hilo hakulitafsiri.

Daktari alianza kufunga sanduku. Maksai walikuwa wametoka damu nyingi, ilibidi wapumzike siku nne. Siku nne! Sinyati alitazama ng'ambo ya korongo. Kisha akamtazama Simaloi, aliyesimama pale na mdomo usiofungwa. Aliingia ndani, akatoka na kile kifurushi cha ngozi, uso umeinama.

Chini ya mrija kulikuwa na pande jeusi lililosinyaa. Juu yake yalisimama maji ya njano, safi kama samli iliyoyeyuka.

"Kumbe!" alipiga kelele Simaloi. "Miaka yote tunakusifu, kumbe damu inakugandia!"

Lakini daktari aliupokea mrija kwa mikono miwili. Alicheka, akamshika Sinyati mkono mbele ya watu, na Simel akakosa pa kuangalia. Dawa ilitosha ng'ombe mmoja. Mugie akaletwa, akachomwa.

"Eliasi," alinong'ona Sinyati, "nimefanya vizuri au vibaya?"

"Kumi na mmoja vibaya, mmoja vizuri."

"Lakini huo mmoja ndio niliokosea."

"Ndiyo."

"Basi mwambie sijaelewa."

"Nimwambie nini, mama? Kwani mimi nimeelewa?"

Siku ya nne walikinga tena. Sinyati alikalia mikono yake ili isishike kijiti, na jasho lilimtoka kuliko siku ya kukoroga. Ng'ombe wawili wa Simaloi walichomwa siku hiyo. Mmoja akapona, mmoja akafa, ingawa dawa ilitoka mrija uleule. Mugie hakutoa hata chozi. Nasieku alikunywa, akakua, akamzaa bibi yangu.

Tangu hapo Sinyati aliendelea kukoroga damu ya familia kama kawaida, ila kila mara aliacha kidogo kwenye kigae cha kibuyu, pembeni. Alichuchumaa kuyangoja yale maji ya njano. Alichovya kidole, akaonja. Chumvi tu. Alionja hivyo mpaka alipozeeka.

Akimaliza, aliifukia ile damu iliyoganda chini ya migomba, na mbwa walipoisogelea aliwafukuza kwa fimbo. Wakwe zake walimwuliza kwa nini anawanyima mbwa chakula chao. Aliwajibu kwamba hata yeye hajui.