Shuka la Mwalimu Mvutano

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mvutano, kwa sababu kila swali la fizikia, hata la umeme, alilizungusha weee mpaka likaangukia kwenye mvutano, ile nguvu inayovuta vitu. Mwenyewe alilipenda jina hilo kimoyomoyo, na mkewe alikuwa akilisikia anacheka hadi kushika mbavu.

Mkewe alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza mwanawe, akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki wala aondoke. Wakaishi nyumba moja watu wawili wanaostahiana: mwalimu akiingia sebuleni, mama anakwenda jikoni, mama akitoka kuanika nguo, mwalimu anakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Zamani maneno yao yote yalipitia kwa marehemu. Sasa zilibaki shikamoo na marahaba, na chakula kilichofunikwa mezani.

Muhula huo kidato cha nne walimng'ang'ania awaeleze mashimo meusi, yale ya angani yanayomeza hata mwanga. Walikuwa wamesikia kwamba hayatulii, yanatembea angani, wakaingiwa na hofu kwamba moja litakuja kuimeza dunia. Mwalimu akachangamka, mara ya kwanza tangu msiba. Alihitaji kitambaa kipana, laini, kiwe mfano wa anga. Akafungua sanduku la chumbani, akachukua shuka la juu kabisa.

Darasani wanafunzi wanne walilivuta pembe zote nne. Akaviringisha gololi, zikapita moja kwa moja. Kisha akaweka katikati tufe la michezo, lile zito la kurusha, liwe ndilo shimo jeusi. Shuka likabonyea, na gololi zikaanza kulizunguka. Alipolisukuma tufe taratibu, bonde likahama nalo, na gololi zikapinda njia kulifuata.

Akawaeleza kwamba huko juu hakuna kilichosimama. Jua letu linazunguka kitovu cha galaksi, lile kundi kubwa la nyota tulimo, na mashimo meusi nayo yanazunguka vivyo hivyo. Mengine yalizaliwa nyota ilipolipuka, mlipuko ukayasukuma upande. Mengine yalikuwa mawili yakaungana, na mtikisiko ukalitupa lile moja mbali na kwao. Shimo jeusi haliwindi mtu, ukilipita kwa mbali, linakuvuta kama nyota yenye uzito uleule.

Msichana wa dawati la mbele akauliza, kama ni jeusi na liko gizani, watu wanajuaje limepita?

"Tunawatazama jirani zake," mwalimu alijibu. "Nyota ikiyumba na hatuoni kinachoiyumbisha, tunajua lipo. Au mwanga wa nyota iliyo nyuma yake unapinda, halafu unarudi sawa. Basi, limeshapita."

Hapo mmoja wa walioshika pembe akaponyokwa. Tufe likashuka na uzito wake wote, shuka likachanika kutoka katikati hadi kwenye pindo. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka, mpaka alipoinama kuliokota akaona maua madogo yaliyotariziwa ukingoni. Mama mkwe ndiye aliyeyatarizi kwa mkono wake, bintiye alipoolewa.

Nyumbani hakulificha. Aliliweka mezani, akamweleza mama yote, na hawakuwahi kuzungumza kirefu namna hiyo. Mama alisikiliza amesimama, akipitisha vidole kwenye mpasuko.

"Mwanangu alikata roho juu ya shuka hili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Sikulitazama nilipolichukua."

Mama hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Alilikunja shuka, akaingia nalo chumbani kwake, na wiki hiyohiyo akampigia simu mwanawe wa kiume aje amchukue.

Mwalimu alimbebea begi hadi kwenye gari. Alikuwa ameyapanga maneno: abaki, hapa ni kwake. Lakini mkwe anaanzia wapi kumwambia hivyo mama mkwe, nao wamezoea kupishana mlangoni? Alichoweza kusema ni kuomba radhi.

"Nimekusamehe, baba," mama alisema. "Ila siwezi kukaa humu."

Gari likaondoka. Mwalimu akarudi ndani, akakuta mezani chakula kimefunikwa, akakila kikiwa kimepoa.

Bado anafundisha. Jumapili humpigia simu mama. Husalimiana, huulizana afya na mvua, kisha maneno huwaishia, na hakuna anayetangulia kukata.